Dhamana ya Karavani la Mwaisha

Kwa miaka kumi na saba Mwaisha alilipwa mshahara wa kutafuta ubaya. Kiwandani, katika chumba cha mwisho kabla ya ghala, kitambaa kilipita mbele yake juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, naye akakitazama kama anayechambua mchele: uzi uliokatika, fundo, doa la mafuta, rangi iliyokolea upande mmoja. Akiona dosari alitia alama ya chaki, kitambaa kikaendelea na safari. Mwaka tisini na nne kiwanda kilipopunguza watu, naye akiwa miongoni mwao, alirudi mtaani kwake Mwembesongo na kiinua mgongo chake na macho yale yale. Majirani walisema hata chai aliikagua kabla ya kuinywa.

Wakati ule karibu kila aliyepunguzwa kazi alifungua kioski. Mtaa wao peke yake ulikuwa navyo sita, vyote vikiuza sabuni ile ile na viberiti vile vile. Mwaisha aliona jingine. Wachuuzi wa mboga walihama na magulio, leo Mlali, kesho kutwa kwingine, wakashinda njaa kutwa nzima kwa kuwa aliyepika alikuwa mbali. Akataka jiko litakalowafuata, jiko lenye matairi. Kondo, mdogo wa mume wake, alikuwa na Land Rover ya kubebea kabichi kutoka Mgeta, akakubali kulikokota. Mume mwenyewe alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Alipoambiwa alicheka, kisha akauliza litakuwa na madirisha mangapi.

Karavani, nyumba ndogo ya matairi inayokokotwa na gari, alilikuta Msamvu, kwenye uwanja wa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akiagiza makaravani yaliyotumika Ujerumani. Yalikuwa manne. Mwaisha aliyazunguka yote, akafungua kabati na mabomba, akalala chali chini ya lile la tatu huku kanga yake ikishika vumbi. Alipotoka chini alimkuta kijana mwenye shati jeupe akimsubiri. Huyo ndiye Rogers, aliyekuwa akiuza kwa niaba ya tajiri wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hili nalitaka."

"Umechagua vizuri. Lina dhamana ya miezi mitatu. Likiharibika ndani ya muda huo tunalitengeneza bure. Ukiongeza sehemu ya tano ya bei, dhamana inafika miaka miwili."

"Hapo kwenye nyongeza nakuwa nimenunua kitu gani hasa?"

"Utulivu wa moyo, mama."

"Huo utulivu anautengeneza nani?"

Rogers alikuwa amejibu maswali mengi pale uwanjani, lakini si hilo. "Kampuni," alisema.

"Kampuni haishiki spana. Fundi wenu anaitwa nani?"

"Jastin. Yupo Dar."

"Amewahi kuitwa huku kwetu?"

"Mara moja. Kuna parokia moja huko juu Mgeta walinunua kama hili, wakalipia na miaka miwili."

Mwaisha aliomba ile karatasi ya dhamana akaisome nyumbani. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo akaipeleka kwa mzee Severini, jirani yake, aliyekuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu. Mzee alivaa miwani akaisoma yote kimyakimya kwanza, kisha akaanza kuifasiri. Dhamana haikuhusu tairi. Haikuhusu kutu wala maji ya mvua. Mzigo usizidi kilo mia nne. Na karavani likitumika kwa biashara, dhamana inakoma siku hiyo hiyo.

"Basi hainifai," Mwaisha alisema.

"Sijasema hivyo, mwanangu. Nimekwambia kilichoandikwa. Mahakamani nilijifunza kwamba kilichoandikwa na kinachotendeka ni ndugu wa baba mmoja, lakini kila mmoja ana mama yake."

Kilichoandikwa sasa alikijua, na ndugu yake wa pili akamnyima usingizi. Je, watu hawa wakiitwa huja? Jumamosi iliyofuata alipanda Land Rover ya Kondo. Wakaipita Mzumbe, wakaipita Mlali, wakaanza kuupanda mlima, barabara ikijikunja katikati ya vishamba vya njegere na kabichi vilivyoning'inia ubavuni kama nguo zilizoanikwa.

Karavani la parokia lilikuwa nyuma ya zahanati, likikaliwa na muuguzi ambaye nyumba yake ilikuwa bado kujengwa. Aliyelitunza alikuwa mzee Gabrieli, mkulima wa pale pale, msemaji wa polepole mwenye kuvuta maneno Kiluguru-Kiluguru. Mwaisha alimwamkia, akaeleza kilichomleta. Mzee hakuona ajabu mtu kupanda mlima kwa ajili ya kuuliza swali. Alimkaribisha kwenye benchi.

"Walikuja," alisema. "Springi ilikatika wakati trekta inalipandisha. Niliandika barua. Wiki ya tatu nikamwona mtu anakuja kwa miguu kwenye matope, amebeba kitu begani kwenye gunia. Gari lilikuwa limemshinda huko chini. Huyo ndiye Jastin, na kwenye gunia ilikuwa springi."

"Hakuuliza kama mnafanyia biashara?"

"Aliuliza. Nikamwambia, wagonjwa wanalipia dawa kidogo. Akafikiri, akaandika 'makazi ya muuguzi'. Akalala kwangu, asubuhi akaifunga."

"Kwa hiyo dhamana ilikuwa ya kweli."

"Jastin ndiye alikuwa wa kweli," Gabrieli alisema. "Aliniambia neno moja. Springi hizi zilitengenezwa kwa ajili ya lami. Yenye udhaifu, akasema, kwenye barabara yetu haikai sana kabla ya kukatika. Ikivumilia mwanzo, itavumilia. Juzi ameniandikia barua kutoka Zambia. Amepata kazi huko."

 Wakati wa kushuka Mwaisha alikumbuka mashine moja ya kiwandani, iliyovuta vipande vya kitambaa kipya mpaka vichanike. Kitambaa kibovu hakikuchelewa kujitaja. Kilichochelewa kuchanika ndicho kilichodumu madukani. Sasa akajiuliza: kama ubaya wa karavani hujitokeza mwanzoni, kwa nini alipie miaka miwili ya kuusubiri? Na ile miezi mitatu ya bure, nani amesema lazima alitumie karavani taratibu?

Jumatatu alirudi Msamvu.

"Jastin yupo?" alimuuliza Rogers.

Kijana alitazama mlangoni. "Ameacha kazi. Wanatafuta mwingine."

"Nakushukuru kwa kutonificha. Nalichukua karavani, nyongeza siitaki. Ila nina maswali mawili. Naruhusiwa kulipitisha barabara ipi?"

Rogers alisoma karatasi. "Yoyote ya umma."

"Na mzigo, kilo mia nne?"

"Zisizidi."

"Yaandike hayo mawili hapo chini kwa Kiswahili, utie sahihi."

Akaandika, akatia sahihi, na usoni alionekana anatamani kujua ni kwa nini.

Leseni ya chakula ilikuwa bado haijatoka, hivyo biashara haikuwepo. Mwaisha alijaza mchanga kwenye magunia, akayapima moja moja kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, akayapanga sakafuni mwa karavani. Kila Jumamosi Kondo alipokwenda kufuata kabichi alilikokota mpaka Mgeta na kurudi nalo. Kila waliposimama Mwaisha aliingia chini yake na tochi na chaki, akitia alama kila ufa na kila nati iliyolegea.

Watu wa Mlali walianza kulizoea. "Kondo," mmoja aliuliza, "shemeji yako anahama kila wiki, huko anakohamia wanamkataa?"

"Wanasema vyombo vyake vizito," Kondo alijibu.

Safari ya sita, kwenye kona chini ya mlima, ulisikika mshindo na karavani likainama kushoto kama mtu aliyeteguka. Springi ilikuwa imekatika, na fremu ya mlango imepata ufa. Mwaisha aliteremka akapiga magoti kuitazama. Kondo alitarajia kumwona amehuzunika. Alimwona akipitisha kidole polepole mahali chuma kilipoachana, ambapo ukingo mmoja ulikuwa umegeuka mweusi, alama ya ufa uliokuwepo kabla ya safari zote.

Mwaisha alituma habari Msamvu, na siku ya tatu Rogers akafika pamoja na fundi mpya. Alipofungua mlango akakuta magunia.

"Mama, huu mchanga ni wa nini?"

"Kilo mia tatu na themanini. Nimeupima."

Rogers alihesabu magunia kwa macho, akatoka nje akasimama karibu yake. "Ulijua litavunjika?"

"Sikujua. Ndiyo sababu nikalipeleka."

Fundi alibadilisha springi zote mbili, akafunga nzito zaidi maana nyepesi hazikuwepo stoo, akauchomelea mlango. Mwaisha hakutozwa kitu. Lakini jioni ile Mwaisha hakutulia. Alikwenda kwa mzee Severini kumuuliza kama amedhulumu mtu.

"Ulificha lolote?"

"Hakuna."

"Ulivunja sharti?"

"Hapana."

"Basi huna kesi," mzee alisema. Mwaisha aliitikia, ila alijua hakuwa ameuliza habari za kesi. Swali hilo alibaki nalo, halikumwumiza sana wala halikumtoka.

Leseni ilitoka mwezi uliofuata. Gulio la kwanza alipika pilau na maharage, sufuria zikaisha kabla ya adhuhuri. Springi hazikuvunjika tena. Jiko la gesi ndilo lililokufa mwezi wa tisa tangu alinunue karavani, akanunua jingine kwa pesa yake. Mumewe alimuuliza kama ile nyongeza isingemsaidia hapo. "Karatasi ilikataa biashara," alimjibu. "Labda Jastin angekubali. Sijui." Na kweli hakujua.

Masika ya mwaka wa pili paa lilianza kuvuja juu ya meza ya kukatia vitunguu. Mwaisha alipanda mwenyewe na kopo la lami, Kondo akashika ngazi, wateja wakisubiri na sahani zao chini ya turubai. Alipokwangua mshono akakuta chini yake kiraka cha zamani, kitu cheupe kama gundi, kilichopakwa vizuri na kulainishwa kwa kidole gumba. Alama ya kidole bado ilikuwepo. Mtu fulani Ujerumani, miaka mingi nyuma, alikuwa amepanda juu ya paa hili hili kuzuia mvua.

"Shemeji, vipi huko?" Kondo aliita. "Pilau linapoa."

"Nakuja," Mwaisha alisema, lakini alikaa kidogo zaidi, akakiweka kidole gumba chake ndani ya alama ile kuona kama kinaenea, akijiuliza yule mtu alikuwa anakwenda wapi.