Kanda ya Baba

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya ukoo mzima.

Baba alikuwa na kanda ya dansi la miaka ya sitini, nyimbo za ujana wake. Miaka ya tisini nikaziba vile vitundu vya kuzuia kurekodi, nikarekodi disko juu yake.

Alipogundua, alimchapa mdogo wangu Deo. Nikanyamaza.

Leo, tumekusanyika hapa nyumbani Majengo, Deo kafufua redio kaseti yetu, kaweka kanda ileile. Disko likaisha, mara ikatoka sauti yangu:

"Ni mimi, DJ Osmundi wa Songea!"

Wote wakanitazama.

Baba akamgeukia Deo. "Kumbe nilikuonea, mwanangu."

"Yalishaisha, Baba."

Kisha Deo akanimiminia chai.

Hivi ninyi mngeinywaje?