Mke Wangu Yuko Ukutani kwa Mkamwana

Mhariri, jina langu lifiche vizuri, maana hapa Kisondela hata mbuzi wananijua. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, mke wangu alishatangulia. Darasa la nne sijui nililiacha mimi au lenyewe liliniacha, ila kusoma nasoma. Tangu ujana nakusanya majarida: hadithi za kuendelea, mashairi ya watu kutukanana kwa vina, mpaka matangazo ya sabuni. Marehemu aliyaita wake wenza. Siku moja mpiga picha wa jarida alimkuta sokoni Tukuyu na mkungu wa ndizi kichwani, anacheka. Picha ikatoka jaridani. Picha yake nyingine sina.

Masika hii bati langu likavuja. Nikampa mwanangu sanduku la majarida anitunzie kwake. Ndiyo kwanza ameoa. Sasa, kwa sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Akinisikia njiani anajitupa migombani. Nami kwake siingii, wala simsemeshi. Baadaye mwanangu akaniletea kuku, eti shukrani ya mkewe.

"Mkeo anashukuru nini?"

"Zawadi yako, tata."

Nikamla kuku hadi shingo, nikalamba na vidole.

Kumbe binti wa watu kaona sanduku limetoka kwa mkwe, kadhani ni karatasi za kupamba nyumba. Kuniuliza ni mwiko. Akapika uji wa ngano, akabandika zote! Chumbani, juu ya kitanda, kamweka mama mkwe wake na ndizi zake.

Nikamwakia mwanangu. Akanijibu, "Tata, siku hizi kila kitu ruksa. Magazeti yamejaa stendi, tena ya rangi. Nitakununulia."

"Na mama yako utamnunua stendi?"

Akaenda kumbandua, karatasi ikachanika, akarudi na nusu ya mkungu tu. Nikamwambia acha, utanikatia mke shingo!

Sasa anasema niingie mkewe akiwa shambani. Mimi, na mvi hizi, nikutwe chumbani kwa mkamwana? Na binti hana kosa. Heshima yake ndiyo iliyoniponza. Jioni napita njia ya kwao najifanya nakohoa. Dirisha likiwa wazi naona bega moja na meno mawili ya kicheko, halafu mkamwana anafunga, kasikia mkwe yuko karibu.

Nyie mnaosoma ukurasa huu, nipeni akili: nivunje mwiko niingie, au niendelee kukohoa?