Jogoo wa Mwalimu

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima, saa kumi na moja alfajiri, mume wangu alipokata roho. Tangu hapo, nyumbani kwetu Lizaboni, bado nasonga ugali wa watu wawili.

Alikuwa mwalimu mstaafu. Kila Jumanne alijitolea zahanati, akiwachorea kwenye pakiti za dawa wazee wasiojua kusoma: jogoo kwa asubuhi, kuku aliyelala kwa jioni.

Juma lililopita nilifuata dawa yangu ya presha. Bibi mmoja mwenyeji wa Nakapanya alikuwa kwenye benchi, pakiti mkononi.

"Bibi, dawa si umeshapewa?" muuguzi akamuuliza. "Nenda ukapumzike."

"Namngoja mwalimu anichoree."

Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mwalimu ametangulia, na mimi ndiye mjane wake. Akasema, "Innalillahi," akanishika mkono kwa muda mrefu. Kisha akaniwekea pakiti mapajani. "Basi chora wewe."

Nikachora. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza.

"Huyu bata, mwanangu."

Muuguzi aliinama kuficha kicheko. Mwalimu angecheka waziwazi.

"Si kitu," bibi akasema. "Bata, asubuhi. Jumanne utakuja?"

Nilimwambia nitakuja. Kumbe mkia wa jogoo ni kazi, wasomaji wangu. Kila jioni naujaribu mezani, na hakuna wa kumwonyesha.

Ee Bwana, mpumzishe mwalimu wangu katika nuru yako, na asubuhi ile unayoijua wewe, umwamshe.