Sababu ya Kifo cha Makame

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nilipokuwa dereva kijana hapa Doha. Makame, mtunza bustani wa shamba moja huko Umm Salal, nje ya mji, alikutwa amefariki kitandani. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, na daktari akauliza alikuwa na nini. Nikamjibu upesi, "Kazi ya Mungu, daktari. Alilala tu." Akaandika kwamba moyo ulisimama, nasi tukapewa maiti tukaioshe.

Mwoshaji alikuwa Mzee Haji, Mpemba asiyekosa mzaha hata msibani. Tulipoona midomo na kucha za marehemu zimeiva kwa wekundu, tulifarijika.

"Mashallah, nuru hiyo! Mwisho mwema," alisema Kombo, aliyekaa naye chumba kimoja ila usiku ule alikuwa mjini kwa binamu yake.

Mzee Haji akaacha kumwaga maji. "Nuru anaijua Mola. Chumbani mnaota nini baridi hii?"

"Jiko la mkaa, mzee. Tunafunga na dirisha. Hata leo nitaliwasha, nitafanyaje?"

"Ili kesho nikuoshe na wewe? Kiuno chenyewe kinaniuma!"

Kombo hakucheka. Mimi nikanong'ona kwamba maiti husitiriwa. Mzee akanigeukia taratibu.

"Husitiriwa aibu yake, mjukuu wangu. Kuota moto ni aibu gani? Siku ya kufa ameipanga Mungu, na sababu ametuachia tuitazame. Mficha maradhi kifo humuumbua. Rudi kwa daktari."

Tukamfunika Makame shuka, nikarudi. Daktari hakukasirika, alipima damu, akasahihisha cheti: sumu ya hewa ya mkaa, nayo ndiyo iliyotia midomo na kucha wekundu ule. Maziko yakachelewa hadi kesho yake, na wapo walionung'unika. Lakini kwa cheti kile watu wa afya walifika shambani, majiko yakatolewa vyumbani, wafanyakazi wakaletewa hita za umeme. Alhamdulillahi, Kombo leo ni babu wa watu.

Basi mwanangu, ukiulizwa ndugu yako amekufaje, usiseme "Mungu amependa" kisha ukanyamaza. Ni kweli amependa, lakini daktari anauliza jingine. Mweleze alilala wapi, alifanya kazi gani juani, alilalamika nini, hata lile unaloliona dogo. Hospitali ikijua kilichomuua huyu, itamwahi yule. Hiyo nayo ni sadaka, na thawabu yake tunamwombea marehemu.

Mola akujaalie afya, ulimi wa kweli na subira ya kuulizwa maswali ukiwa na majonzi. Akulinde wewe na wote mnaolala chumba kimoja ugenini. Amin.