Kamani za Hadda binti Kebbour

Mtu akikuambia kwamba gobore la Hammadi lilipasuka kwa sababu kamani yake, ile springi inayorusha nyundo, ilitengenezwa na mwanamke, mlete kwangu nimtukane ana kwa ana. Nimechoka. Huu ni mwaka wa nne, na bado kuna wapuuzi wanaolirudia neno hilo katika soko letu la Alhamisi, huku magobore yao wenyewe yamejaa vyuma vya Hadda kuanzia nyundo hadi parafujo ya mwisho.

Hadda ni binti wa marehemu Kebbour, fundi wa magobore. Mzee alijaliwa watoto wawili. Wa kiume, Bouazza, alipenda kukaa mbele ya karakana, kumimina chai ya mnanaa na kupiga soga na wapanda farasi. Tupa aliishika kama aliyepewa panya mfu. Basi mzee akamfundisha binti. Alimfundisha kuipasha kamani mpaka iive nyekundu, kuizamisha kwenye mafuta ya zeituni, kisha kuirudisha motoni polepole mpaka igeuke buluu. Buluu ikizidi, kamani inalegea. Isipofika, inakatika kama biskuti. Wengine huharibu tano ndipo wapate moja. Hadda haharibu.

Mzee alipofariki, Bouazza aliendelea kukaa mbele, na dada yake akaendelea kukaa nyuma ya pazia. Kila mtambo uliotoka pale uligongwa muhuri wa Kebbour, nyota yenye ncha sita. Sisi wateja tulikuwa tukimwambia Bouazza, "Mkono wako una baraka, fundi," naye anajibu, "Baraka ni za Mungu," na nyuma ya pazia tupa inalia kwikwi-kwikwi. Tulijua. Nani hakujua? Ila ilitufaa kutojua.

Tena si kwamba alikuwa mtu wa kufichika. Ni mjane mfupi, mabega mapana, nyusi zimeungua hazioti tena, na sauti yake inatoka nyuma ya pazia mpaka kwa wauza kuku. Ukileta gobore lililooza kwa masizi utamsikia: "Bouazza! Muulize huyo bwana, hili ni gobore au bomba la choo? Nyumbani kwake wanakula kwenye sahani chafu hivi?" Watu wanacheka, wewe unaona haya, na wiki ijayo unalichukua gobore lako likiwa zima, kasiba, yaani mtutu, imepigwa msasa, mdeki mpya, ule ufito wa kushindilia baruti, umechomekwa mahali pake. Maisha yake yote yalikuwa pale. Watoto hakupata. Alikuwa na moto wake, koleo za baba yake, na kamani zilizoning'inia ukutani kwa ukubwa wake.

Sasa nieleze kazi ya magobore hayo, maana aibu yote ilianzia hapo. Kikosi chetu kina wapanda farasi kumi na watano. Tunapanga mstari, tunakwenda mbio bega kwa bega, na mkuu wetu Haji Maati akitoa sauti tunafyatua. Baruti tupu, hakuna risasi. Lakini mlio lazima uwe mmoja. Ukichelewa hata kwa kupepesa jicho, umewavunja wenzako kumi na wanne mbele ya kabila zima, na wanawake watakuimba mpaka kwenye harusi ya mjukuu wako. Namjua mtu aliyehama wilaya kwa mlio mmoja uliochelewa.

Kwa hiyo gobore lisipolia kabisa, ni afadhali kidogo. Katika ngurumo ile na moshi ule, nani atahesabu kumi na nne au kumi na tano? Unanyamaza. Unarudi mwanzo wa uwanja umeliinua kama wenzako. Na hapo ndipo tulipo wajinga. Baruti iliyokataa kuwaka bado imo ndani, imeshindiliwa. Inatakiwa ushuke, uichokoe mpaka itoke. Lakini kuichokoa mbele ya watu ni kutangaza kwamba wewe ndiye uliyekuwa bubu. Basi wako wanaomimina nyingine juu yake na kushindilia, wakaenda zao mbio; na zote mbili zikiwaka pamoja, kasiba hupasuka.

Fataki, vile vikofia vya shaba vinavyogongwa na nyundo ili baruti iwake, tulikuwa tukinunua kwa Hadda siku zote, ndani ya makopo makavu. Mwaka ule, msimu wa Sidi Ayyad, sikukuu ya walii wetu, ulipokaribia, Haji Maati akasema anazo za kwake, amezipata kwa mchuuzi wa njiani, za bei ya chini. Zilikuja kwenye mfuko wa plastiki. Nilipozigusa zilinata kidoleni. Nilisema kitu? Sikusema kitu.

Mbio za kwanza zilikwenda vizuri mno. Mlio mmoja, safi, watu wakasimama kwenye jukwaa, wanawake wakapiga vigelegele. Hammadi, mpwa wa Haji Maati, alikuwa kushotoni kwangu, goti lake linagusa langu. Kwake hapakutoka moshi. Nililiona hilo kama ninavyoiona mikono yangu hii. Alinitazama, nikamtazama. Kisha akaliinua gobore lake juu na kupiga kelele za furaha, na mimi nikapiga naye.

Mbio za pili, gobore lilipasuka mkononi mwake. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilibaki mchangani, na farasi wake akakimbia na damu shingoni mpaka kwenye mahema.

Kabla Hammadi hajafika hospitali, Haji Maati alikuwa ameshapata mkosaji. "Ni kamani," alisema. "Mtambo umeshikwa na mkono wa mwanamke. Mimi nilisema tangu zamani." Hakuwahi kusema! Kamani inahusiana nini na kasiba kupasuka? Hata mbuzi wa fundi anajua kwamba kamani haipasui kasiba. Lakini neno lilipanda farasi. Alhamisi iliyofuata wanaume walikuja kuyatupa magobore mbele ya karakana kama kuni. Haji Maati akatuma ujumbe kwa Bouazza: dada yako asiguse tena silaha ya mtu, na wewe uje kuomba radhi kwa kondoo, la sivyo hakuna kikosi hata kimoja kitakachokuja kwako.

Hadda alikuja nyumbani kwangu siku ya pili yake. Hakukaa. Mke wangu alimletea chai, hakuigusa.

"Si Jilali," alisema, "Si" ya heshima, yaani bwana, "wewe ulikuwa kulia kwa Hammadi."

"Ndiyo, Lalla Hadda."

"Mbio za kwanza, gobore lake lilitoa moshi?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika. Nilitazama birika.

"Vumbi lilikuwa jingi, dada yangu. Sikuona kitu."

"Hukuona kitu."

"Wallahi vumbi lilikuwa jingi."

Niliapa. Kwa nini niliapa, hata sikuombwa! Alinitazama kama anavyotazama chuma, akisubiri kibadilike rangi. Kisha akauliza kama nimebakiwa na fataki za Haji. Nilizokuwa nazo, kama ishirini hivi, nikampa zote haraka, nikajiambia kwamba angalau nimemsaidia. Mtu mwoga ana njia nyingi za kujipa moyo.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya sala, tulikuwa uani kwa Haji Maati, kikosi kizima, tumezunguka sinia za kuskusi. Hammadi naye aliletwa, mkono umefungwa bandeji, uso umesinyaa. Bouazza akaingia akimkokota kondoo. Kwetu ukichinja mbele ya mlango wa mtu, umejitupa miguuni pake, hawezi kukukatalia radhi. Lakini pia umekiri. Akishachinja, jambo limekwisha: kosa ni la nyumba ya Kebbour, na Hadda hatashika tupa tena mpaka azikwe. Kondoo alikuwa mkaidi, amevutiwa na mnanaa wa Haji kwenye makopo, na Bouazza anamvuta huku jasho linamtoka.

Kisu kilikuwa kimeshatoka alani tuliposikia sauti.

"Mwache huyo kondoo!"

Hadda alisimama kwenye lango akiwa na aproni yake ya ngozi, mdeki mkononi. Alipita katikati ya wanaume kama anapita katikati ya viroba.

"Unachinja kwa kosa la nani, Bouazza?"

"Dada, nakuomba. Usituharibie."

"Nimekuuliza, kwa kosa la nani?"

Haji Maati akaweka kijiko chini. "Bibi, hili ni baraza la wanaume. Kaka yako anajua adabu. Jifunze kwake."

"Kwake? Miaka kumi na tisa mimi ndiye niliyemfundisha aonekane anajua." Akamwaga fataki kwenye sinia, juu ya kuskusi, mbele ya Haji. "Haji, hizi si zako? Nimegonga kumi juu ya fuawe. Saba zimelia. Tatu bubu, zimeoza kwa unyevu. Nyie ni kumi na watano, mmekimbia mara mbili. Nani kati yenu gobore lake halikulia?"

Kondoo anatafuna mnanaa.

"Hakuna? Mashallah. Wote kumi na watano?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ulimi nilikuwa nao.

"Hakuna," akasema Haji Maati. "Na sasa toka."

Hadda hakutoka. Alikwenda kwenye ukuta wa sebule iliyo wazi, pale lilipotundikwa gobore la Haji mwenyewe, lenye fedha na pembe za ndovu, juu ya magodoro wanapolala wajukuu zake mchana. Akalishusha. Alilichukua kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, mtu aliniambia baadaye; angechukua lolote. Akatumbukiza mdeki ndani ya kasiba. Ninyi mnajua, au sasa mtajua: gobore likiwa tupu, mdeki unazama wote, unabaki kifundo chake tu. Ule ulisimama nje kiasi cha upana wa kiganja.

"Haji," alisema, na mara hii sauti yake ilikuwa ya chini, "hili lina baruti."

Hammadi aliinua kichwa na kumtazama mjomba wake, na sitasahau jinsi alivyomtazama.

Hadda aliketi chini pale pale, akafunga skrubu ya kuchokolea kwenye ncha ya mdeki, akachokoa. Ilitoka karatasi, kisha baruti nyeusi ikamwagika kwenye nguo nyeupe ya meza. Siku kumi na mbili ilikuwa imekaa juu ya vichwa vya watoto wale. Mke wa Haji, aliyekuwa dirishani, alipiga ukelele mmoja, akaja mbio, akawabeba wajukuu wawili mara moja.

"Kamani yangu ilifanya kazi yake," Hadda alisema. "Nyundo iligonga. Fataki yako ndiyo iliyokataa, na wewe ukaona haya. Na huyu mtoto wa dada yako akaona haya kama wewe, ila yeye akaongeza nyingine juu." Akamgeukia Hammadi. "Au nasema uongo, mwanangu?"

Hammadi akalia. Mwanamume wa miaka thelathini, alilia mbele yetu sote, akasema, "Ni kweli, Lalla. Mbio za kwanza halikulia."

Hapo ndipo na mimi nikafungua kinywa. Naona aibu hata kuandika. "Ni kweli," nikasema kwa sauti kubwa, kana kwamba ninaleta habari. "Mimi nilikuwa pembeni yake. Hapakutoka moshi."

Hadda alipangusa mikono yake kwenye aproni, akamchukua kondoo kwa kamba, akaondoka naye. Bouazza akamfuata na kisu chake kikavu.

Haji Maati aliacha ukuu wa kikosi kabla ya mavuno. Pazia la karakana liliondolewa, na Hadda anakaa mbele sasa, akimtuma Bouazza mkaa na chai. Vikosi vyote vilirudi, kwa sababu hakuna pengine pa kwenda. Hammadi alitengenezewa gobore jipya, mbao yake ya chini ya kasiba imechongwa ifuate vidole alivyobakiwa navyo, na hakuombwa hata dirhamu moja. Hata la Haji Maati, anayemchafulia jina kila anapopata nafasi, alilipokea na kulisafisha.

Mwaka jana nililipeleka langu. Nyundo ilikuwa imelegea, na hata mtoto mdogo angeliona hilo. Nilipanga foleni kama wengine. Ilipofika zamu yangu alilipokea, akavuta nyundo mara moja, akatumbukiza mdeki, akautoa. Kisha akalisukuma juu ya meza likarudi kwangu.

"Gobore lako halina ubaya," alisema.

"Lalla Hadda, nyundo imelegea. Iangalie."

"Nimeiangalia, Si Jilali. Sikuona kitu." Na akamwita mtu wa nyuma yangu.