Kikohozi cha mjukuu wangu na moshi wa mawese

Amahoro wakuu, na hasa nyinyi vijana mumezaa juzi tu mukajiona mumejua yote.

Mimi ni bibi. Shule niliiacha mapema, lakini haya yametokea nyumbani kwangu hapa Rumonge. Siongezi chumvi.

Mjukuu wangu Bosco bado ananyonya. Alikohoa muda mrefu. Siro, ile dawa ya maji, inaisha, kikohozi kiko palepale.

Sisi kazi yetu ni kupika mawese. Mwenye kuijua anajua: pipa la ngazi, yaani matunda ya mawese, moto wa makapi, moshi mweusi mpaka macho yanalia. Aline, mke wa mwanangu, alikuwa anakoroga pipa mutoto akiwa mugongoni. Kila mama hapa anafanya hivyo.

Jirani yetu Mama Zawadi akaja.

"Huyo iko na kilimi. Mupeleke kwa yule mzee wa kukata vilimi, akikate."

Kilimi ni kale kanyama ka kooni. Wanakakata na wembe. Ndiyo, kwa mutoto munyonyi.

Aline akaanza kufunga kitenge aende. Alikuwa amechoka, simulaumu.

Nikasimama mulangoni. "Wapi?"

"Mama, mutoto halali usiku! Nifanye nini?"

"Hakuna wembe utaingia kwenye koo la Bosco."

Mama Zawadi akacheka. "Eh! Bibi amekuwa dokteri!"

"Dokteri siyo mimi. Tunaenda kwake sasa hivi, na wewe baki uchunge pipa."

Kwenye kituo cha afya muganga akasikiliza kifua, akapima homa. Nimonia hakuna. Kisha akauliza mutoto anashinda wapi.

"Mugongoni kwangu, kwenye mawese," Aline akasema.

Muganga akashika kile kitenge, akakinusa. Hakuhitaji kuuliza tena. Alituambia tumutoe kwenye moshi, na akianza kuhema mbiombio au kukataa ziwa, tumurudishe haraka.

Tukafanya hivyo. Kikohozi kilipungua polepole, siyo siku moja. Sasa Bosco akipiga kelele usiku, anadai ziwa tu.

Sisemi kila kikohozi ni moshi. Kikohozi kisichoisha kina sababu nyingi, mupeleke mutoto apimwe. Lakini mujiulize pia anavuta hewa gani mchana kutwa.

Yaliyowapata nyinyi yaandikeni hapa chini. Na wale wa kutetea wembe waje, niko hapa.

Nyumbani kwangu nimeshasema, na Mama Zawadi alikuwepo akasikia: "Anayetaka kushika mwiko wa pipa, kwanza aniletee mutoto. Akimaliza aoge, abadili kitenge, ndiyo nitamurudishia mutoto."