Kirikuu Iliyovalishwa Ndala

Gari ni langu. Ni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye pua fupi, na nimelipata kwa mahindi na machungwa yangu ya Handeni, sikuletewa na mtu. Anayeliendesha ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu mkubwa. Ana leseni. Huwa anarudi nyuma kwenye kichochoro cha soko la Korogwe huku wanaume wanampigia kelele, "Kata kushoto, dada, kata kushoto!" Hakati. Ameshaona kulia kuna nafasi. Nikisema najivunia mtoto huyu, nimesema kidogo.

Kazi yake ni hii: anashusha mahindi yangu Korogwe, kisha anapanda Bungu milimani kuchukua kabichi za watu na kushuka nazo. Kupanda si neno. Kushuka ndiko kwenye maneno, maana ile barabara ina kona, na chini ya kona hakuna kitu.

Basi klachi ikaisha. Gari likawa linaunguruma tu, haliondoki, kama mtu anayeahidi. Tukalipeleka Kilole, palepale Korogwe, kwa mkwe wangu, mume wa binti yangu mdogo, ana gereji pale. Kulipeleka kwa fundi mwingine ingekuwa ni kumtukana hadharani.

Lazima niseme habari ya mkwe. Sisi Wazigua, kwa jinsi mimi nilivyolelewa, mama mkwe na mkwe hawazoeani. Hatupeani mkono. Akiniona njiani anakaa pembeni mpaka nipite. Mbele yangu hasemi kwamba kuna kitu kimemshinda, na mimi simwambii kwamba kazi yake mbovu. Vijana wanasema hayo yamepitwa na wakati. Yeye na mimi hatujapitwa.

Siku hiyo nilikaa gerejini kutwa nzima, kwenye kigoda, nimejitanda kanga, nalinda gari langu. Alipomaliza akaja ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akaweka ufunguo juu ya tairi bovu lililokuwa katikati yetu. Nikauchukua pale kwenye tairi. Mjukuu akamwuliza, "Baba mdogo, iko sawa?" Akaitazama miguu yangu, akasema, "Iko sawa."

Klachi ilikuwa sawa kweli, sitamsingizia. Lakini tulipofika Sindeni, njiani kurudi nyumbani, kwenye kimteremko kidogo tu, gia ikachomoka. Yenyewe. Mjukuu akairudisha. Ikachomoka tena.

"Bibi, hii haikuwepo."

"Naona."

"Tugeuze?"

"Tugeuze tukamwambie nini?"

"Si tumwambie gia inachomoka!"

"Nani amwambie?"

Mtasema angemwambia yeye. Angesema yeye, lingekuwa limetoka kwangu. Gari ni la nani?

Ikawa anaendesha mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeng'ang'ania gia. Kwenye tambarare inawezekana. Siku ya soko akapanda Bungu. Mimi nilibaki nyumbani napukuchua mahindi. Akarudi jioni, akakaa kizingitini, akavua viatu.

"Bibi, leo lilinikimbia."

Alisema hivyo kama anayesema mvua imenyesha. Gia ilichomoka juu ya kona, gari likaondoka na kabichi zake, akalishika kwa breki mpaka zikatoa moshi. Nilikwenda kulinusa. Lilikuwa bado linanuka.

"Hushuki tena Bungu na gari lile."

"Na wenye kabichi?"

"Wazile."

Hakucheka. Kulikuwa na mwenye pikapu anawanyemelea wale wenye kabichi, na mjukuu asipotokea soko moja tu wanahamia kwake. Kazi ile aliitafuta mwenyewe. Nilijua atashuka tena, nikitaka nisitake. Kwa hiyo ilikuwa ama nimvunjie mkwe heshima, ama nisubiri kuletewa mjukuu kwenye machela.

Nikaenda kwa jirani yangu. Jirani ni Mnyamwezi, babu yake alikuja kukata mkonge akabaki. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Anaweza kuingia kaburini kwenye msiba wenu, akalala mle na kudai mpaka mumpe chochote ndipo mzike, na hakuna wa kumgombeza. Nikamweleza.

"Nyie Wazigua mtakufa kwa adabu," akaniambia.

"Utakwenda au huendi?"

"Nakwenda. Na wewe utakaa wapi?"

"Nyuma ya mabati."

Basi mjukuu akatupeleka Kilole taratibu. Mimi nikajibanza nje ya uzio wa mabati wa gereji, mtani akaingia.

"Hodi, Wazigua mliolala! Amkeni, mwenye nyumba amekuja!" Nikasikia chuma kinaburutwa. "Hii jeki nimeichukua. Ya babu yangu."

"Aa, mtani, rudisha bwana, nina kazi."

"Naikalia. Niambie kwanza, gari la mkweo umelifanya nini? Limekuwa kama wewe, likiona mteremko linaacha kazi."

Mafundi wakacheka. Mkwe hakucheka.

"Nani kakwambia?"

"Nimeota."

Nadhani ndipo alipoona kanga yangu chini ya mabati, kwa sababu alipoanza tena kusema alipandisha sauti, na ilikuja moja kwa moja kwangu.

"Mtani, mwambie aliyekutuma..."

"Sijatumwa."

"Basi mwambie huyo ambaye hajakutuma. Raba inayobeba giaboksi ilikatika wakati naishusha. Hapa Korogwe nikaikosa, nikaagiza Tanga. Nikaweka kitu cha kushikilia kwa muda."

"Kitu gani?"

"Kitu tu."

"Mtani, kitu gani?"

"Ndala."

"Ya nani?"

"Yangu. Niliikata."

Mafundi sasa walikuwa hoi. "Umelivalisha gari la mkweo ndala," mtani akasema, "ukalipandisha Bungu! Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Alikaa pale tangu asubuhi. Hata kukohoa niliogopa."

"Na hiyo raba ya Tanga?"

"Imo humo ndani. Imefika zamani."

"Na hukumwita?"

"Nimwite mama mkwe nimwambie njoo, gari lako lina ndala?"

Nilikuwa na la kumjibu. Nikalimeza. Ukuta wa mabati ulikuwa wa moto na ulinifaa.

Akaifunga ile raba siku hiyohiyo. Mtani hakuinuka kwenye jeki mpaka mwisho, na alipoondoka aliondoka na kile kipande cha ndala. Amekitundika kwao, juu ya mlango.

Siku ya soko nilimwambia mjukuu nakwenda naye Bungu. Akasema, "Bibi, unaniogopea?" Nikamwambia naogopea gari. Tulipakia kabichi, tukaanza kushuka. Nilikuwa naitazama ile gia tu. Kona ya kwanza, ikatulia. Mteremko mrefu, ikatulia, gari linanguruma na kujizuia lenyewe kama inavyotakiwa. Mtoto akaachia mkono wa gia, akaushika usukani kwa mikono yote miwili. Mimi nikaegemea.

Kwenye kona iliyofuata akabonyeza honi. Kimya. Akabonyeza tena.

"Bibi, honi hailii."

"Ilikuwa inalia?"

"Kabla ya kurudi gereji ilikuwa inalia."

Kona za Bungu bila honi hazipitiki. Nikashusha kioo, nikatoa kichwa na kanga yangu, na kila kona nikapiga ukelele, "Tunapitaaa! Tunapita hukuuu!" Bodaboda mmoja alikuwa anapanda katikati ya barabara. Aliposikia akaingia majanini na mkaa wake, akaniamkia kutoka humohumo.

Tukapita Kilole. Mkwe alikuwa amesimama nje ya gereji, akasogea pembeni, kichwa chini. Sauti yangu ilikuwa imekauka. Mjukuu akasimamisha gari.

"Baba mdogo anauliza gia inaendaje," akaniambia, ingawa hakuwa amefungua mdomo.

Nikalitazama lile tairi bovu la siku ile, bado lilikuwa palepale.

"Mwambie," nikamwambia mtoto, na mkwe yuko hapa, angeweza kunigusa, "mwambie gia imeshika, ahsante. Ila tangu Bungu honi ni mimi."

Mkwe alijikaza asicheke. Nilimwona alivyojikaza. Kisha akachukua tochi na spana, akaingia upesi chini ya gari, na huko chini nikamsikia anacheka. Mkwe hacheki mbele ya mama mkwe. Chini ya gari si mbele, nikamwacha.